Saa Kumi Alfajiri, Njia ya Kibirizi

Kwenye mwalo wa Kibirizi, ufukwe wa mitumbwi hapa Kigoma, bei ya dagaa ina saa zake. Mitumbwi huanza kuingia kungali giza, na aliyepo ufukweni wakati huo ananunua kwa mvuvi mwenyewe, dagaa wakiwa bado wanametameta. Anayefika jua likishachomoza ananunua kwa aliyemtangulia. Anayefika saa mbili ananunua kwa huyo wa pili, na dagaa wameshaanza kulegea, wengine matumbo yamepasuka; ukiwaanika wanavunjikavunjika, na mteja wa Dar es Salaam anakupigia simu kulalamika kwamba umemtumia unga. Kati ya ile bei ya kwanza na ile ya tatu ndimo ilimo faida yote ya biashara hii.

Sasa simama pale ufukweni uangalie nani anafika saa ngapi. Wa kwanza ni wanaume, mmoja mmoja, kwa miguu, wengine wanapiga mluzi. Wanawake tunakuja kwa makundi, au kwa bodaboda, au kumeshakucha. Hakuna tangazo lililobandikwa linalosema hivyo, wala kanuni ya soko. Ni woga, na woga huo ningeweza kukuandikia hesabu yake kwenye daftari la mauzo: nauli ya boda, tofauti ya bei kwa kila ndoo, dagaa walioharibika kwa sababu nilisubiri mwanga. Ushuru wa mwalo ninaupigia kelele kila mwaka. Hii hesabu nyingine nilikaa muda mrefu bila kumpigia mtu kelele, kwa kuwa hakuna dirisha la kuilipia.

Biashara niliirithi kwa mama. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, sosholojia, nimetembeza bahasha za maombi ya kazi hadi soli zimekwisha, ndipo mama akaanza kusumbuliwa na miguu. Nikapanda treni kurudi Kigoma nikijua nakuja kumsaidia msimu mmoja tu.

Somo la kwanza alilonipa halikuhusu samaki. Lilihusu njia. Usikatishe relini. Usiitikie salamu ya mtu ambaye humwoni uso. Hela usiweke kwenye pochi, funga kwenye pindo la kanga ya ndani. Usivae malapa, huwezi kukimbia na malapa. Ukisikia hatua nyuma yako usigeuke. Kohoa, tena kohoa kwa sauti nzito kama mwanamume. Alinifundisha hata kukohoa, tumekaa jikoni, nami nikacheka, yeye hakucheka. Kilichonishangaza baadaye ni kwamba katika maelekezo yote yale hakutaja hata mara moja tunajificha nani asitufanye nini. Nilitakiwa nijue, na kweli nilijua. Sikumbuki ni nani aliyenifundisha.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka miwili, naye alifundishwa na mama huyohuyo, jikoni hapohapo. Alifundishwa kutambua dagaa waliolala, kupima ndoo iliyobonyezwa kitako ili ipungue ujazo, na kumtambua mvuvi mwenye njaa ya kuuza. Kukohoa hakufundishwa.

Na aliyeporwa ni yeye. Vibaka walimvizia palepale relini, wakampiga rungu la kichwa, wakachukua simu na hela yote ya dagaa. Alishonwa, akalala nyumbani siku chache, na watu wakaja kumpa pole kwa zamu. Nakumbuka swali lao kwa sababu lilikuwa lilelile, mgeni kwa mgeni: "Pole baba, wamechukua nini?" Mzee mmoja wa mtaa akapitisha kofia, kaka akapata mtaji wa kuanzia. Kidonda hakijafunga vizuri alikuwa ameshaanza tena kukatisha relini, saa zilezile za usiku, akipiga mluzi. Nilimuuliza haogopi? Akasema, "Wameshachukua, watachukua nini tena?"

Mimi njia ile sijaporwa hata shilingi. Kilichonipata ni hiki. Mwanamume mmoja alinifuata kutoka Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, nikiwa nateremka kwenda mwaloni. Hakusema neno. Nikiongeza mwendo anaongeza, nikisimama kufunga kanga anasimama kuwasha sigara. Nilikohoa, akakohoa na yeye. Nikaona taa za msikiti, watu wanatawadha kwa ajili ya sala ya alfajiri, nikaingia uani bila kuomba ruhusa. Yule mtu akapita zake. Kwa hesabu ya polisi hapo hakuna kosa lililotendeka, na kwa kweli sijui angeandikiwa nini.

Mzee aliyekuwa na birika la kutawadhia akanitazama. "Binti, saa hizi unatafuta nini huku?" Aliuliza kwa upole kabisa, akanipa na kijana wa kunisindikiza. Nilipofika nyumbani mama mwenye nyumba akaniuliza kama nilikuwa nimevaa hivyohivyo. Shoga yangu mmoja akasema labda jamaa alikuwa ananitaka tu, mbona nalikuza. Kaka akasema, "Si nilikwambia uniagize mimi?" (Angeninunulia, ndiyo, na angekata chake kwa kila ndoo. Ulinzi wa ndugu nao una ushuru wake.)

Kaka aliulizwa wamechukua nini. Mimi niliulizwa nilikuwa natafuta nini. Nimezunguka na maswali hayo mawili kwa miaka sasa, na kila nilichokuja kukielewa juu ya woga wangu kimetokea hapo.

Chuoni nilikuwa nimelisoma jambo hili. Watafiti wa Marekani na Uingereza walipoanza kuwauliza watu kwenye madodoso kama wanaogopa kutembea usiku mtaani kwao, wanawake walisema wanaogopa kuliko wanaume, na kwa mbali. Lakini walipohesabu nani anaporwa na kupigwa barabarani na watu asiowajua, wengi walikuwa wanaume, hasa vijana. Baadhi ya wasomi wakasema basi woga wa wanawake umezidi kiasi, hauna sababu. Mwaka 1996 mwanasosholojia wa Marekani, Kenneth Ferraro, akaeleza vingine: hofu ya kubakwa hutupa kivuli juu ya makosa mengine yote. Mwanamke akisikia mtu anatikisa dirisha usiku, hawazi redio. Kwake yeye kila mwizi anaweza kugeuka kuwa jambo lingine kabla hajaondoka. Watafiti wanawake nao wakaongeza kwamba zile takwimu za barabarani zilikuwa hazihesabu vizuri yanayotendeka ndani ya nyumba, wala yasiyopelekwa polisi.

Nililijibu swali hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Yule mzee wa birika ndiye aliyenionyesha kilichobaki. Hicho kivuli hakitokani na mbakaji peke yake. Kinatokana pia na watu wema watakaokuuliza maswali asubuhi yake. Mtu aliyeporwa simu anajua atarudi kwa watu wake na watu wake watakuwa upande wake. Mwanamke hana hakika hiyo. Anaogopa usiku, halafu anaogopa na asubuhi.

Ukiwa mtu wa Kigoma unajua ninakokwenda, maana siwezi kuandika juu ya woga wa wanawake wa mji huu nikawaruka teleza.

Kwa msomaji wa mbali: katika miaka ya kuelekea 2019, hapa Kigoma Ujiji, walitokea wanaume waliokuwa wanajipaka mafuta mwilini ili wasikamatike, wanaingia usiku kwenye nyumba za wanawake na kuwabaka, wengine wakiwa na visu. Ndipo watu wakawapa jina hilo. Waliowalenga zaidi walikuwa wanawake wanaoishi bila mwanamume ndani: wajane, walioachika, wanaolea watoto peke yao, wapangaji kama mimi. Mwaka 2019 habari hizo zikafika kwenye vyombo vya habari vya taifa na wanaharakati wakazipigia kelele. Lakini wakati nchi inashtuka, sisi wa Mwanga tulikuwa tumeshazoea kulala na mwiko wa ugali mkononi.

Nilikuwa napanga chumba kwenye nyumba ya uani, vyumba vimepangana, choo nje. Choo nje ni habari ya peke yake. Ikifika magharibi tulikuwa tunaacha kunywa maji. Ndoo ililala ndani. Jirani wa chumba cha pili alikwenda mtumbani akanunua mabuti ya mwanamume, makubwa, yaliyochakaa kidogo, akayaweka mlangoni kwake kila jioni na kuyageuza upande kila baada ya siku chache ili yaonekane yanavaliwa. Mwingine aliweka beseni la majivu kando ya kitanda. Alisema mwili wenye mafuta ukimwagiwa majivu unashikika. Sufuria tulizipanga nyuma ya mlango, moja juu ya nyingine, ili mlango ukiguswa zianguke. Zilianguka usiku mwingi kwa ajili ya paka, tukaamka sote tunapiga mayowe, halafu tunacheka hadi machozi yanatoka.

Tulicheka sana kipindi kile. Watu hawaandiki hilo.

Sasa mtaani walikuwa wanasema nini? Nitaeleza nilichokisikia kwa masikio yangu. Kwenye kijiwe cha kahawa walisema hao si wabakaji, ni mahawara wao, wakifumaniwa na majirani wanasingizia teleza. Kwenye bomba la maji wanawake wenye waume walisema mwanamke mzima anakaaje peke yake, anategemea nini? Wapo waliosema ni majini, na hilo lilikuwa na faraja yake, kwa sababu jini hana mama wala rafiki mtaani, hakuna wa kumtaja. Binti mmoja aliyevunjiwa mlango, mtaa si wa kwetu, alipewa notisi na mwenye nyumba: nyumba inapata jina baya. Mlango uliovunjwa alilipa yeye.

Baada ya hapo, wengine waliopatwa walinyamaza. Nisingeweza kuwalaumu. Na hapo ndipo nilipoona jinsi mambo haya mawili yanavyoshikana. Wale watu hawakuwa wanachagua nyumba gizani kwa kubahatisha. Walichagua mlango ambao ukivunjwa mtaa utauliza maswali badala ya kutoka na mapanga. Nyumba ya mwizi wa kuku inazingirwa kwa dakika tano Mwanga, mimi shahidi. Kwa hiyo maneno ya kijiweni, yale ya kupitishia kahawa, yalikuwa kazini usiku kucha. Yalikuwa yanawaonyesha watu wabaya ni mwanamke yupi hana watu.

Suluhisho ambalo kila mtu alikuwa nalo mdomoni lilikuwa moja: olewa. Mama mwenye nyumba, shangazi zangu, hata mteja wangu wa Morogoro kwenye simu. Jirani yangu wa mabuti aliolewa mwaka huohuo na fundi seremala, na sherehe ikawa nzuri. Yale mabuti alimpa mumewe, yakamtosha, tukasema hii ni ishara njema. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa tunamsikia analia usiku. Hatukupiga sufuria. Mwenye nyumba akasema hayo ni mambo ya mtu na mume wake.

Aliogopa mwanamume wa nje, akamfungulia mlango mwanamume wa ndani, na huyu wa ndani hakuhitaji kujipaka mafuta. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na malaria wa 2015-16 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49, na 40 katika kila 100 walisema wameshapigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofika miaka 15. Kwa waliowahi kuolewa, anayetajwa mno ni mume, wa sasa au wa zamani. Utafiti huohuo uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Walioona walau sababu moja inatosha walikuwa wanawake 58 katika 100, na wanaume 40. Soma tena, hakuna kosa la uchapaji: sisi wenyewe ndio tuliokubali zaidi. Sijui kwa nini watu wanashangaa. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba yakimpata ni kwa sababu alikosea mahali, ataamini hivyohivyo akiwa na miaka arobaini.

Na sheria? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inasema vingine. Imekuwapo kabla mimi sijazaliwa. Nilimsomea jirani yangu kwenye simu. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Hicho kifungu kinalipa kodi ya chumba?" Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 nayo ilikaza adhabu ya ubakaji, kifungo kisichopungua miaka 30, lakini mume akimlazimisha mke wake ambaye hawajatengana, sheria hiyo haimwiti mbakaji. Basi ushauri wa shangazi zangu, ukiupima kwa sheria, ulikuwa unatutoa mahali ambapo kosa lina jina na kutupeleka mahali ambapo halina.

Mchuuzi mwenzetu mmoja alipoamua kwenda kushtaki, nilimsindikiza. Mambo yake siyasemi hapa. Nitasema tu kwamba kwenye kaunta ya kituo, mbele ya watu waliokuja kwa ajili ya baiskeli zao na mbuzi wao, aliulizwa alikuwa anatoka wapi, na nani, na kwa nini saa zile. Nilikuwa nimemshika mkono, nikausikia unapoa. PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali, ilipatikana baada ya kuomba sana, na bila hiyo karatasi hospitalini mambo yanakuwa mazito. Ndipo akapita askari mwanamke wa Dawati la Jinsia na Watoto, akasikia kipande cha mazungumzo, akamchukua hadi chumba cha nyuma, akafunga mlango, akamwambia, "Dada, kaa kwanza. Umekula?" Jengo moja, sare moja. Tangu siku ile nikiulizwa na mwenzangu aende au asiende, namwambia aende, lakini asiseme neno kaunta, aulize dawati liko wapi.

Nirudi kwenye dagaa.

Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mwezi ukipevuka taa za mtumbwi hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na wenye kulewa wanalewa. Kazi inarudi mwezi ukipungua. Maana yake ni kwamba sisi wanawake wa dagaa tunakuwa na usiku mweupe kabisa wakati ambao hatuna sababu ya kutoka nje, na tunapohitaji kutoka ni giza totoro. Huu mpango hakuupanga mwanamume, nakubali.

Kwa muda tulitembea kwa msafara, kumi, kumi na mbili, tunakutana penye taa ya duka la dawa. Ulinzi shirikishi wa mtaa, vijana ambao tunawachangia hela kila mwezi, wakatusimamisha. Mnatoka wapi kina mama? Mnakwenda wapi? Huyu mbona hana kitambaa kichwani? Wakati tunajieleza, kijana mmoja asiye na shati akapita na jambia la kukatia kamba kiunoni, wakamsalimia, "Vipi kaka, za ziwani?" Mmoja wetu, mama mtu mzima anayeheshimika, akawauliza kama ile michango yetu ya kila mwezi ilikuwa inalinda sisi au inatulinda tusitoke. Walituachia, wakanung'unika.

Halafu tukajaribu jambo lenye akili zaidi. Tulichanga mtaji, tukachagua wawili wenye nguvu na mdomo, wao waende saa kumi alfajiri na bodaboda tunayemfahamu, wanunue kwa niaba ya wote kwa bei ya mtumbwini, sisi tufike kumekucha kugawana. Kwa hesabu lilifanya kazi vizuri mno. Tulipata bei tuliyokuwa hatujawahi kuipata, na wanaume wawili waliokuwa wanaishi kwa kutuuzia sisi bei ya pili wakakasirika. Haikupita miezi wale wenzetu wawili wakaitwa wanawake wa usiku. Mmoja mumewe alimkataza. Mwingine, mjane, alisema yeye hana wa kumkataza, akaendelea, na binti yake akaja kuulizwa shuleni kama ni kweli mama yake anafanya kazi ufukweni na wavuvi. Tulimwongezea fungu kwenye mgawo, na tuliliandika daftarini kwa jina lake halisi: fidia ya matusi.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mifuko ilikauka, sitaki kupamba. Lakini ule ulikuwa msimu wangu wa kwanza mrefu wa kulala hadi jua linachomoza, nikadhani nitapumzika na ile hofu pia. Haikwenda popote. Ilihamia kwa binti yangu anayerudi tuisheni jioni. Nilijikuta nimekaa jikoni palepale, namfundisha kukohoa.

Nilinyamaza katikati ya maneno. Mdogo wake wa kiume alikuwa amekaa mlangoni anakula muwa, hayamhusu.

Nikamwita na yeye. Nimeanzisha sheria mbili nyumbani, na zote mbili zimeniletea ugomvi. Ya kwanza, saa ya kurudi ni moja kwa wote, na anayechelewa anaulizwa swali lilelile kwa sauti ileile. Mama yangu anasema namfanya mtoto wa kiume kuwa mwanamke. Ya pili ni ya kijana peke yake: ukitembea gizani na mbele yako kuna mwanamke, usimfuate nyuma. Vuka barabara, au simama apite mbali, au msalimie ukiwa mbali kwa jina la mama yako ajue wewe ni nani. Akaniuliza kwa hasira, "Kwani mimi mwizi?" Nikamwambia hapana, lakini yeye hajui, na kukaa anajiuliza ni kazi anayoifanya kila siku, umpunguzie. Kaka yangu alikuwepo. Akacheka, akasema basi wanaume watatembelea angani. Wiki hiyohiyo mkewe akaniambia kwamba jamaa amerudi usiku akilalamika kwamba alilazimika kusimama pale relini muda mrefu akisubiri mama mmoja na ndoo zake afike mbali. Alilalamika, lakini alisimama.

Kwenye BMU, kamati ya mwalo, nimeingia mwaka jana. Hoja yangu ni taa tatu kwenye njia, moja penye kona ya kuingilia mwalo, moja katikati, moja karibu na vyoo. Mara ya kwanza mjumbe mmoja alisema dagaa hawasubiri wanawake wapate taa, watu wakacheka, nami nikacheka maana lilikuwa limesemwa vizuri. Mara ya pili nilikwenda na daftari. Nilisoma hesabu: ndoo ngapi wanawake wananunua bei ya kwanza, ngapi ya pili, ngapi ya tatu, na ushuru gani mwalo unakosa kwa dagaa wanaoharibika kwa sababu mnunuzi alichelewa. Kuhusu woga sikusema neno. Chumba kilitulia. Mweka hazina, ambaye hajawahi kuniunga mkono kwa jambo lolote, akaniuliza taa moja ni shilingi ngapi.

Sijafurahi sana kwamba ilibidi niipitishe kwa mlango wa ushuru. Wenzangu wananiambia niache kuchagua milango.

Kikao kijacho ni mbalamwezi ikipevuka, wavuvi wakiwa nchi kavu. Nimeshapita madukani Mwanga kuuliza bei ya taa za sola za nguzo, kubwa na za kati, na fundi amesema nguzo za mti zinatosha mradi zipakwe dawa ya mchwa. Katibu anataka bei iandikwe kwenye karatasi yenye mhuri wa duka. Nimempelekea jana, nakala mbili.